Kifundo cha Mkono: Mifupa Minane na Ligamenti Zinazoifunga



Mwanachama wa chama cha ushirika ana rasilimali mbili. Ya kwanza ni hisa na akiba zake, ambazo huandikwa katika daftari na kukaguliwa kila mwaka. Ya pili ni mikono yake, ambayo haiandikwi popote. Hata hivyo mkopo anaopewa mwanachama hulipwa kwa mikono, na mkono ukiharibika, marejesho nayo husimama.

Katika ukanda wa Mbezi Beach hadi Kunduchi, wanachama wengi wanaishi kwa kazi za mkono. Wako wavuvi wanaovuta nyavu na kamba, wavunja kokoto wa Mtongani, waashi, maseremala, washonaji na waendesha bodaboda. Mkaguzi anapopekua majalada ya mikopo iliyochelewa hukuta sababu nyingi: ugonjwa, msiba, biashara kuanguka. Lakini iko sababu moja ambayo aghalabu huandikwa kwa neno moja tu: "mkono". Ukiuliza zaidi utaambiwa kwamba mwanachama aliteleza, akajikinga kwa kiganja, akaambiwa ni mteguko tu, akachuliwa, na tangu hapo mkono haukurudi kama zamani.

Nia ya makala hii ni kueleza kilichomo ndani ya kifundo cha mkono, jinsi mifupa yake ilivyofungwa, na kwa nini neno "mteguko tu" linaweza kumgharimu mwanachama kazi yake. Mwisho itaeleza mambo ambayo Katibu anaweza kuyafanya bila gharama kubwa.

1. MAJINA TUTAKAYOTUMIA

Yafaa tuelewane kwanza kuhusu majina. Wako wanaoliita eneo hili kiwiko, na wako wanaotumia neno hilohilo kwa kisugudi, yaani pale mkono unapokunjika katikati. Ili kuepuka utata, hapa tutasema kifundo cha mkono, maana yake ni mahali kitanga kinapokutana na kigasha.

Neno "mishipa" nalo hubeba mizigo mingi. Watu huita mishipa kila kitu chenye umbo la kamba mwilini. Lakini mishipa ya damu hupitisha damu, na mishipa ya fahamu huchukua habari kati ya ubongo na viungo. Kano huunganisha msuli na mfupa ili msuli ukivuta mfupa usogee. Ligamenti huunganisha mfupa na mfupa ili isiachane. Kwa hiyo kazi ya kano ni kuendesha, na kazi ya ligamenti ni kufunga. Makala hii inahusu hasa zile zinazofunga.

2. MIFUPA MINANE

Mkono kuanzia kifundo hadi ncha za vidole una mifupa 27. Kati ya hiyo, 14 ni ya vidole, 5 ni ya kitanga, na 8 ni mifupa midogo ya kifundo chenyewe. Midogo hii imepangwa katika safu mbili, kila safu ikiwa na mifupa minne.

Safu ya kwanza, iliyo karibu na kigasha, ukianza upande wa gumba, ina skafoidi, lunati, trikwetramu na pisiformi. Safu ya pili, iliyo karibu na vidole, ina trapeziamu, trapezoidi, kapitati na hamati. Majina haya ni ya kigeni, lakini maana zake si ngeni kwa watu wa pwani. Skafoidi maana yake ni kama mtumbwi. Lunati ni kama mwezi mwandamo. Trikwetramu ina pembe tatu, na pisiformi ni duara kama punje ya njegere. Kapitati ina kichwa cha mviringo, na ndiyo mfupa mkubwa kuliko yote minane. Hamati ina ndoana. Tangu hapa tutaiita mifupa miwili iliyo muhimu zaidi katika maelezo yetu mfupa wa mtumbwi na mfupa wa mwezi.

Kigasha nacho kina mifupa miwili mirefu: radiasi upande wa gumba, na alna upande wa kidole cha mwisho. Mtu anapoegemea kiganja, takriban asilimia 80 ya uzito hupita katika radiasi, na sehemu iliyobaki hupita katika alna. Ndiyo maana mtu akianguka kwa kiganja, upande wa gumba ndio unaoumia mara nyingi zaidi.

Andreas Vesalius, aliyechapisha kitabu chake kikubwa cha maumbile ya mwili mwaka 1543, aliitaja mifupa hii minane kwa namba. Kitabu kamili kuhusu ligamenti za mwili kilikuja baadaye sana, mwaka 1742, kilipoandikwa na Josias Weitbrecht katika mji wa St Petersburg, Urusi. Wataalamu walichelewa kuzishughulikia ligamenti kwa sababu mfupa hubaki hata baada ya mtu kufa, bali ligamenti huoza.

3. LIGAMENTI NA MAHALI ZINAPOSHIKA

Mwanachama aliyewahi kuitazama ngalawa pale Kunduchi anajua kwamba miti yake ya pembeni imeshikwa kwa kamba. Mti unaweza kuwa mzima bila ufa wowote, lakini kamba ikilegea, chombo hakifai kwenda baharini. Kifundo cha mkono kimeundwa kwa kanuni hiyohiyo. Mifupa yake minane haikuingiliana kama bawaba ya mlango, bali imebanana kama mawe ya mtoni, na inashikwa mahali pake na ligamenti.

Ligamenti za kifundo ni za aina mbili. Aina ya kwanza hutoka katika radiasi na alna na kwenda kushika mifupa midogo. Aina ya pili huanzia katika mfupa mdogo mmoja na kuishia katika mfupa mdogo mwingine.

Upande wa kiganja ndiko zilipo ligamenti nene zaidi za aina ya kwanza. Kutoka ukingo wa radiasi, karibu na gumba, hutoka moja inayopita mbele ya kiuno cha mfupa wa mtumbwi na kwenda kushika kapitati. Nyingine mbili hutoka radiasi na kushika mfupa wa mwezi. Kutoka upande wa alna hutoka zile zinazoshika mfupa wa mwezi na trikwetramu. Zikitazamwa kwa pamoja hufanya umbo la paa la nyumba, moja ndani ya jingine. Kati ya mapaa hayo, mbele ya mahali mfupa wa mwezi unapokutana na kapitati, pana nafasi isiyo na ligamenti imara. Hapo ndipo penye udhaifu wa kifundo, na katika ajali kubwa mfupa wa mwezi huweza kuchomoka kwa kupitia hapo.

Upande wa mgongo wa mkono ligamenti ni nyembamba zaidi. Moja hutoka radiasi na kwenda kwa mshazari hadi trikwetramu. Nyingine hutoka trikwetramu na kurudi upande wa gumba hadi mfupa wa mtumbwi. Mbili hizi hufanya umbo la V iliyolala.

Kati ya radiasi na alna kuna gegedu la pembe tatu. Upande mmoja limeshika ukingo wa radiasi, na upande wa pili limeshika shina la ncha ya alna. Gegedu hili ndilo linaloruhusu mkono kugeuka, kama katika kufungua kitasa au kukaza skrubu, bila mifupa hiyo miwili kuachana.

Kuhusu aina ya pili, iliyo muhimu kuliko zote ni ligamenti fupi inayounganisha mfupa wa mtumbwi na mfupa wa mwezi. Ina umbo la herufi C na sehemu tatu. Ile ya upande wa mgongo wa mkono ni nene na yenye nguvu kuliko nyingine. Ligamenti nyingine kama hiyo huunganisha mfupa wa mwezi na trikwetramu, lakini hiyo nguvu yake iko upande wa kiganja.

Iko pia ligamenti pana inayokatiza mbele ya kifundo kama daraja. Upande wa gumba imeshika mfupa wa mtumbwi na trapeziamu. Upande wa pili imeshika pisiformi na ndoana ya hamati. Chini ya daraja hilo hupita kano tisa na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu. Nafasi hiyo ikibana, gumba na vidole viwili vinavyofuata hufa ganzi, hasa usiku.

Sasa tuulize: ligamenti, ambayo ni laini, inashikaje katika mfupa, ambao ni mgumu? Haikugandishwa juu yake kama karatasi kwa gundi. Katika mashiko mengi kuna tabaka nne zinazofuatana: kwanza ligamenti yenyewe, kisha gegedu laini, kisha gegedu lililoingiwa na chokaa, na mwisho mfupa. Ulaini hugeuka kuwa ugumu hatua kwa hatua, na kwa hiyo nguvu ya mvuto husambaa badala ya kukata mahali pamoja. Muungano huu ni madhubuti hata kwamba mara nyingine mvuto mkali hauikati ligamenti, bali huing'oa pamoja na kipande cha mfupa. Daktari akiona kipande hicho katika picha, anajua kwamba ligamenti imeachia.

Mashiko haya huacha alama juu ya mfupa: kingo, vinundu, mikwaruzo na vitundu vidogo vinavyopitisha mishipa ya damu. Alama hizo hudumu kuliko mtu mwenyewe. Mwaka 1960 katika Bonde la Olduvai hapa Tanzania ilipatikana mifupa ya mkono wa kiumbe wa kale wa miaka takriban milioni 1.8 iliyopita, ikiwemo mifupa ya kifundo. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walimpa kiumbe huyo jina la Homo habilis, yaani mtu mwenye ustadi. Ligamenti zake zilikwisha kuoza, lakini maungio na alama za namna hiyo ndizo zinazowawezesha wataalamu kujadili mkono wa kale ulivyoshika na ulivyofanya kazi.

4. MFUPA WA MWEZI HAUNA MSULI WAKE

Jambo hili ndilo kiini cha maelezo yote. Katika safu ya kwanza, ukiiacha pisiformi, hakuna mfupa hata mmoja unaoshikwa na kano ya msuli wa kigasha. Kano zinazokunja na kunyoosha kifundo huipita safu hiyo na kwenda kushika mbele yake. Safu ya kwanza husogea kwa sababu jirani zake wamesogea. Husukumwa na mifupa ya safu ya pili na kuvutwa na ligamenti.

Ndani ya safu hiyo kuna mvutano wa daima. Mfupa wa mtumbwi hupenda kuinama kuelekea kiganjani. Trikwetramu hupenda kuinukia upande wa mgongo wa mkono. Mfupa wa mwezi umekaa katikati yao, umefungwa huku na huku kwa zile ligamenti mbili fupi, na kwa sababu hiyo hubaki wima. Mwanaushirika hawezi kushindwa kuuelewa mpango huu. Ni kama chama ambacho wanachama wake wana mielekeo tofauti, lakini masharti ya chama yanawashika pamoja hata mielekeo hiyo ikasawazishana.

Ligamenti kati ya mtumbwi na mwezi ikikatika, usawa huo huvunjika. Mfupa wa mtumbwi huinama peke yake. Mfupa wa mwezi hufuata trikwetramu na kuinukia nyuma. Nafasi huanza kuonekana kati yao, na kapitati husukumwa kuelekea katika pengo hilo. Gegedu linalofunika ncha za mifupa huanza kulika, kwanza kati ya radiasi na mfupa wa mtumbwi, kisha kati ya kapitati na mfupa wa mwezi. Kazi hii ya uharibifu haifanyiki kwa siku moja. Huchukua miezi na miaka, na wakati huo wote mtu huendelea na kazi huku akisema kwamba mkono "unamsumbua kidogo".

5. KWA NINI PICHA YA KWANZA HUWEZA KUDANGANYA

Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua miale ya eksirei mwaka 1895, na mwezi wa Desemba mwaka huohuo alipiga picha ya mkono wa mkewe. Picha hiyo ilionyesha mifupa na pete. Haikuonyesha ligamenti hata moja, na hata leo picha ya kawaida ya eksirei haizionyeshi. Ni sawa na kuipiga ngalawa picha inayoonyesha miti bila kamba. Utajua kwamba kamba imekatika pale tu miti inapoonekana imeachana.

Kwa hiyo daktari hutazama nafasi zilizo kati ya mifupa. Nafasi kati ya mtumbwi na mwezi ikizidi milimita 3, humtia shaka. Mara nyingine nafasi hiyo haionekani mkono ukiwa umelegea, bali huonekana mgonjwa anapokunja ngumi kwa nguvu, kwa kuwa ngumi huisukuma kapitati katikati yao. Picha ya mkono mzima wa pili nayo husaidia kulinganisha.

Mfupa wa mtumbwi wenyewe una hila nyingine. Ukipata ufa, ufa huo huweza usionekane siku ya kwanza. Ndiyo maana mgonjwa mwenye maumivu katika kibonde kilicho kati ya kano mbili chini ya gumba hufungwa mkono na kuambiwa arudi baada ya siku 10 hadi 14 kupigwa picha nyingine. Jambo hili ni la lazima kwa sababu sehemu kubwa ya damu ya mfupa huo huingilia upande wa vidole na kurudi nyuma kuelekea kigasha. Ufa ukiukata mfupa katikati, kipande cha nyuma huweza kukosa damu na kufa.

6. KUCHUA NA KUVUTA

Desturi ya kuchua mkono ulioteguka ni ya zamani, na waganga wa viungo wanaheshimika katika mitaa yetu. Makala hii haikusudii kuwadharau. Lakini msomaji aliyefuatana nasi hadi hapa ataona hatari iliyopo. Ligamenti hupata damu kidogo, na hupona polepole kwa sharti moja, kwamba ncha zake zilizokatika zikae karibu na zitulie. Kuchua na kuvuta kifundo katika siku za kwanza huzitenganisha ncha hizo, na kama kuna ufa, huupanua. Maumivu yanaweza kupungua kwa muda, mwanachama akadhani amepona, kumbe mifupa imeanza kuachana.

Ligamenti iliyokatika kabisa mara nyingi huhitaji upasuaji, na upasuaji wa kuishona hufaa zaidi ukifanywa katika wiki chache za kwanza. Baadaye ncha hukauka na kujikunja, na mifupa huzoea mahali pasipo pake. Kuchelewa miezi sita si sawa na kuchelewa siku sita.

7. WAJIBU WA KATIBU NA WANACHAMA

Kwanza, mwanachama akianguka kwa kiganja au akapigwa na kamba, nyundo au usukani wa pikipiki, atolewe pete na bangili mara moja kabla mkono haujavimba. Afungwe gango la kadibodi au ubao mwembamba kuanzia kitangani hadi katikati ya kigasha, vidole vikiwa huru. Mkono uinuliwe kwa khanga shingoni. Barafu iliyofungwa katika kitambaa yaweza kuwekwa kwa muda usiozidi dakika 20 kila mara. Asikandwe kwa maji ya moto wala kuchuliwa.

Pili, apelekwe hospitali siku hiyohiyo endapo kifundo kimepinda, endapo gumba na vidole viwili vya mwanzo vimekufa ganzi, au endapo hawezi kushika kikombe. Dalili ya ganzi pamoja na uvimbe mkubwa yaweza kuonyesha kwamba mfupa wa mwezi umechomoka na kuubana mshipa wa fahamu. Hilo ni jambo la dharura. Wakazi wa Kinondoni wanayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala, na kwa matatizo makubwa iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Tatu, akiambiwa kwamba mfupa haukuvunjika, asiishie hapo. Kama baada ya wiki mbili bado anaumwa, au mkono hauna nguvu ya kukamua nguo, au kifundo kinalia "ta!" anapoegemea, arudi hospitali. Aseme wazi kwamba alianguka kwa kiganja, na aulize kuhusu ligamenti. Swali hilo halihitaji elimu ya udaktari.

Nne, Katibu aandike tukio katika kitabu: tarehe, mahali, kazi iliyokuwa ikifanywa, na upande wa mkono ulioumia. Kwa mfanyakazi aliyeajiriwa na chama, kama vile karani, mlinzi au dereva, maandishi hayo yana uzito wa kisheria. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008 ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ya kazini bila kuchelewa. Mwanachama anayejitegemea hana mwajiri wa kumtolea taarifa, na kwa sababu hiyo kamati ya mikopo yapasa imfikirie mapema. Mfupa wa mtumbwi uliopata ufa huweza kukaa katika plasta ngumu miezi miwili hadi mitatu. Ni afadhali kupanga upya marejesho ya miezi hiyo kuliko kumlazimisha kurudi kuvunja kokoto kabla ya wakati, kisha chama kikose mkopo na yeye akose mkono.

Tano, na hili linawahusu makarani wanaokaa dirishani. Mtu aliyeumia kifundo hawezi kutia sahihi kama alivyotia alipojiunga. Imetokea katika vyama nilivyovikagua kwamba sahihi katika hati ya kuchukua fedha haikufanana na ile ya kadi, mwanachama akaanza kutazamwa kama mdanganyifu mbele ya foleni, kumbe mkono wake ulikuwa umefungwa wiki iliyotangulia. Dawa yake ni nyepesi. Karani aulize kwanza. Mwanachama aweke dole gumba la mkono mzima mbele ya mashahidi wawili, na sababu iandikwe pembeni ya hati. Mkaguzi akikuta maelezo hayo hatakuwa na hoja.

Makatibu wanaombwa wasome sehemu ya saba ya makala hii katika mkutano wa wanachama, hasa katika vyama vya wavuvi, wavunja kokoto, mafundi ujenzi na waendesha pikipiki, na kuibandika katika ubao wa matangazo. Kadibodi ya kutengenezea gango, kitambaa na kalamu ya kuandikia tukio ni vitu ambavyo kila ofisi ya chama inaweza kuwa navyo kuanzia wiki hii.